Ufunguo Akae Nao Nani? Njia Nne za Kuitumia Dola Kutoka Ubepari Kwenda Ujamaa

Kikundi chetu cha kusoma kimekwama mahali pamoja kwa wiki kadhaa sasa. Tunakutana Jumamosi jioni, watu kumi na wawili hivi: walimu, fundi umeme, wanachuo, na mzee mmoja aliyestaafu kutoka shirika la umma. Kuhusu ubepari hatugombani. Ugomvi huanza tukifika kwenye dola. Mmoja anasema bila kuishika dola hakuna kitakachobadilika. Mwingine anasema ukiishika, nayo itakushika. Wa tatu anauliza kwa nini tusiingie kwenye uchaguzi kama watu wengine. Mzee wetu husikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali lake lile lile: "Na ufunguo wa ghala atakaa nao nani?"

Ninaandika kwa ajili ya wale waliokwama kama sisi, hasa vijana wanaotaka kujua waweke wapi nguvu zao: kwenye chama cha siasa, chama cha wafanyakazi, ushirika, au kwingineko. Nimechukua njia nne ambazo watu walizijaribu kweli, kila moja na nchi yake: Urusi 1917, Chile 1970, Katalunya (jimbo la Hispania) 1936 na Tanzania 1967. Ujamaa ninaouzungumzia ni ule wa jumla, hali ya njia kuu za uchumi kuwa mali ya wale wanaofanya kazi. Ule wa Azimio la Arusha nitautaja kwa jina lake.

Kwanza neno moja. Dola si serikali. Dola ni jeshi, polisi, mahakama, magereza, hazina na jeshi zima la watumishi wa ofisini. Serikali ni wale wanaoingia na kutoka juu yake. Mtu anaweza kushinda uchaguzi akaishika serikali bila kuwa ameishika dola, na wako waliolijua hilo siku waliyouawa.

Vigezo

Vigezo vyangu vinatoka Paris. Mwaka 1871, tangu Machi 18 hadi Mei 28, wafanyakazi wa mji ule waliutawala wenyewe, katika kile kinachoitwa Komuni ya Paris. Viongozi wao walichaguliwa, waliweza kuondolewa na waliowachagua, na mshahara wa juu kabisa wa utumishi ukawekewa ukomo wa faranga 6,000 kwa mwaka. Karl Marx, mwanafikra wa ujamaa aliyetazama kutoka London, alitoka na fundisho moja kubwa: wafanyakazi hawawezi kuichukua mashine ya dola kama ilivyo na kuiendesha kwa faida yao. Lakini Paris ile ile ilikuwa na Benki ya Ufaransa ndani ya mipaka yake, na wana-Komuni hawakuigusa. Waliomba mikopo kwa adabu, wakapewa kidogo, huku benki hiyo hiyo ikiwapa fedha nyingi zaidi maadui wao, serikali iliyokuwa Versailles. Miaka ishirini baadaye Engels, mwenzake Marx, aliliita kosa kubwa la kisiasa.

Kwa hiyo naiuliza kila njia maswali manne. Dola ya zamani inafanywa nini: inavunjwa, inarithiwa au inaachwa? Mali ikishatoka kwa bepari, nani anaamua kiwandani na shambani? Wenye mali wakirudi kupigana, njia hiyo inajilinda kwa kutumia nini? Na la nne, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: mtu wa chini akionewa na hawa wakubwa wapya, anaweza kukataa na usiku akalala nyumbani kwake?

Njia ya kwanza: kuivunja dola na kujenga nyingine (Urusi)

*Dola ya zamani.* Akiwa mafichoni katikati ya mwaka 1917, Lenin, kiongozi wa chama cha Wabolsheviki, alilirudia fundisho la Paris. Dola ya mabepari ivunjwe, na mahali pake pakae mabaraza ya wafanyakazi, wakulima na askari, yaani sovieti. Kila mtumishi achaguliwe, aweze kuondolewa, alipwe mshahara wa mfanyakazi. Dola hiyo mpya ingewakandamiza wanyonyaji wa jana, na kadiri matabaka yanavyotoweka, nayo ingefifia. Mapinduzi yalifanyika Novemba 7. Kesho yake ikatoka amri ya ardhi, siku chache baadaye siku ya kazi ya saa nane, na Desemba benki zikawa mali ya dola. Kosa la Paris hawakulirudia.

*Mali na maamuzi.* Mwanzoni kamati za viwanda zilipewa haki ya kuusimamia uzalishaji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, njaa ikaingia mijini, wafanyakazi wakarudi vijijini kutafuta chakula. Kufikia 1920 viwanda vingi vilikuwa chini ya meneja mmoja aliyeteuliwa kutoka juu. Aleksandra Kollontai na wenzake wa kundi la Upinzani wa Wafanyakazi ndani ya chama walidai uzalishaji uendeshwe na vyama vya wafanyakazi wenyewe. Mkutano mkuu wa chama wa Machi 1921 uliwakatalia, na pamoja na hilo ukapiga marufuku makundi ndani ya chama.

*Kujilinda.* Hapa njia hii inazishinda zote. Jeshi Jekundu liliwashinda majenerali wa mfalme na majeshi ya nchi za nje yaliyowasaidia, na miaka ishirini baadaye ndilo lililouvunja mgongo wa jeshi la Hitler. Mtu anayeidharau njia ya kwanza hana budi kulijibu hili.

*Kukataa.* Bunge la Katiba, ambalo katika uchaguzi wake Wabolsheviki walipata karibu robo ya kura, lilikaa siku moja tu Januari 1918 likafungwa. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi asiye na mfano, akiwa gerezani Ujerumani mwaka huo huo aliandika kuyatetea mapinduzi, na hapo hapo akaonya kwamba uhuru una maana pale tu anapokuwa nao yule anayefikiri tofauti. Machi 1921 mabaharia wa ngome ya Kronstadt, waliokuwa mstari wa mbele 1917, walidai uchaguzi mpya wa sovieti kwa kura ya siri. Walijibiwa kwa mizinga. Baadaye, mashamba yalipokusanywa kwa nguvu kuanzia 1929, wakulima hawakuwa na pa kukatalia. Njaa ya 1932 na 1933 iliua mamilioni, wengi wao Ukraine na Kazakhstan. Dola iliyotakiwa kufifia ilizidi kunenepa.

*Inamfaa nani.* Yule aliye katika nchi ambayo milango yote imefungwa, jeshi la watawala limevunjika, na watu tayari wana mabaraza yao. Urusi ya 1917 ilikuwa na yote matatu. Anayeichukua njia hii bila mabaraza hana cha kuiweka dola mpya chini ya wananchi, na atabaki na chama na polisi wake.

Njia ya pili: kuirithi dola kwa kura (Chile)

*Dola ya zamani.* Salvador Allende alishinda uchaguzi wa Septemba 4, 1970 kwa asilimia 36 na ushei, na kwa kuwa hakupata nusu ya kura, Bunge ndilo lililomthibitisha. Ahadi yake ilikuwa kufika kwenye ujamaa kwa kufuata sheria zilizopo, bila kufunga gazeti wala chama. Mahakama, jeshi na watumishi wa serikali wakabaki walivyokuwa. Kabla hata hajaapishwa, mkuu wa jeshi, Jenerali René Schneider, aliyeshikilia kwamba jeshi lisiingilie katiba, alipigwa risasi na watu waliotaka kumteka, akafa siku tatu baadaye.

*Mali na maamuzi.* Julai 11, 1971 Bunge lilipitisha kwa kauli moja kuitaifisha migodi mikubwa ya shaba. Hata wapinzani walinyoosha mikono. Benki zilichukuliwa kwa kununuliwa hisa zake. Watoto walipewa nusu lita ya maziwa kila siku. Oktoba 1972 wenye malori waligoma ili nchi ife njaa, na hapo ndipo jambo jipya likaonekana. Wafanyakazi wa viwanda vilivyopakana walijiunga kwa mitaa, wakaunda kile walichokiita mikanda ya viwanda, wakaendesha uzalishaji na kugawa bidhaa wenyewe. Serikali nayo ilitumia mtandao wa mashine za teleksi (za kutumiana ujumbe wa maandishi kwa waya) kujua lori gani liko wapi na chakula kimekwama wapi.

*Kujilinda.* Hakukuwa na cha kujilinda nacho zaidi ya katiba. Sheria ya kudhibiti silaha ya 1972 iliwapa askari ruhusa ya kupekua viwanda wakitafuta bunduki, na kwa hiyo miezi ya mwisho jeshi lilikuwa limekwisha kujifunza kila kiwanda na viongozi wake. Septemba 11, 1973 ikulu ya La Moneda ilipigwa mabomu na ndege za nchi hiyo hiyo. Allende alifia ndani. Jenerali aliyeongoza mapinduzi, Pinochet, alikuwa ameteuliwa na Allende mwenyewe kuwa mkuu wa jeshi wiki tatu kabla. Zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walipotezwa katika utawala uliofuata.

*Kukataa.* Kwa miaka mitatu, Chile ilikuwa nchi ambayo mtu aliweza kuandamana dhidi ya serikali ya kijamaa asubuhi na kulisoma gazeti la kuitukana jioni. Bei zilipaa, foleni zikarefuka, bidhaa zikakimbilia ulanguzini. Na bado, Machi 1973, vyama vya serikali vilipata karibu asilimia 44 ya kura, zaidi ya zile vilizoanza nazo. Watu waliopangishwa foleni waliipigia kura serikali ile kwa sababu waliiona ni yao.

Njia hii ina dada yake mpole, Uswidi. Wasoshalidemokrasia walitawala huko karibu mfululizo tangu 1932 hadi 1976 wakajenga elimu, afya na pensheni za kuonewa wivu. Lakini mwaka 1976 vyama vya wafanyakazi vilipokubali mpango wa mchumi wao Rudolf Meidner, wa kuzihamisha polepole hisa za makampuni makubwa kwenda kwenye mifuko ya wafanyakazi, wenye mali walisimama kidete. Mpango ulipita 1983 ukiwa umekatwa makucha, na serikali iliyoingia 1991 ikauondoa. Waswidi hawakupigwa mabomu, lakini kwenye umiliki walikuta mpaka pale pale.

*Inamfaa nani.* Aliye katika nchi ambayo kura huhesabiwa na aliyeshindwa huondoka, mwenye chama cha wafanyakazi chenye nguvu kitakachosimama siku kura zitakapokataliwa. Tena ujue kwamba kuna vilivyobaki: migodi mikubwa ya shaba iliyotaifishwa Chile mwaka 1971 ni ya umma mpaka leo. Hata Pinochet hakuirudisha kwa wenyewe wa zamani.

Njia ya tatu: kuanzia chini na kuiacha dola (Katalunya)

*Dola ya zamani.* Bakunin, mwanamapinduzi wa Urusi aliyeikataa dola ya aina yoyote, aligombana na Marx juu ya jambo hili hili mpaka wakatengana huko The Hague mwaka 1872. Hoja yake: mfanyakazi akiwa mtawala si mfanyakazi tena, na dola ya wafanyakazi itazaa tabaka jipya la wakubwa. Julai 1936 wafuasi wa fikra hizo, shirikisho la wafanyakazi la CNT, waliwashinda waasi wa kijeshi katika mitaa ya Barcelona. Rais wa Katalunya, Lluís Companys, aliwaita na kuwaambia mji uko mikononi mwao. Waliamua kutoichukua dola, na pia kutoivunja. Waliunda kamati pembeni yake.

*Mali na maamuzi.* Hapa ndipo penye uzuri. Ndani ya siku chache tramu za Barcelona zilirudi barabarani zimepakwa nyekundu na nyeusi, zikiendeshwa na madereva, makondakta na mafundi waliochagua kamati zao. Viwanda, migahawa na vinyozi vilifuata njia hiyo, na kule Aragon mashamba. Hakuna waziri aliyewaamuru.

*Kujilinda.* Wanamgambo walikwenda vitani bila cheo wala saluti, wakapigana kwa moyo. Lakini dhahabu ya Benki ya Hispania ilibaki kwa serikali kuu, na kiwanda kilichokosa pamba au mkopo kilikwenda kupiga magoti kwenye dola ile ile iliyoachwa pembeni. Ni Paris tena, benki ile ile. Novemba 1936 watu wanne wa CNT wakaingia kwenye baraza la mawaziri, watu walioapa kutokuwa na serikali. Mei 1937 polisi walipokwenda kulichukua jengo la simu lililokuwa mikononi mwa wafanyakazi wake, mapigano yalizuka mjini, na baada ya hapo kamati zilinyang'anywa moja baada ya nyingine. Mwaka 1939 Jenerali Franco, kiongozi wa waasi wale wa kijeshi, akaimaliza Jamhuri yote ya Hispania.

*Kukataa.* Kamati ilichaguliwa kiwandani na kuondolewa kiwandani, na kwa hilo njia hii imezitangulia nyingine zote. Doa lake ni wale waliouawa katika wiki za kwanza, makasisi na wenye mali, bila mahakama ya kukimbilia.

*Inamfaa nani.* Wenye mazoea ya miaka mingi ya kujiendesha. CNT haikuzuka Julai. Ilikuwa imejengwa tangu 1910 kwa migomo, shule na vyumba vya kusomea. Inawafaa wajenzi wa ushirika leo, alimradi wasiidanganye nafsi kwamba dola wasiyoigusa haitawagusa.

Njia ya nne: dola iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, chini ya chama kimoja (Tanzania)

Nitakaa hapa zaidi. Hii ndiyo iliyowalea wazazi wangu.

*Dola ya zamani.* Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Kesho yake benki zilitaifishwa, zikaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara, na wenyewe wakalipwa fidia. Hakuna risasi iliyolia. Lakini vyombo vya kuitekeleza kazi hii vilikuwa vile vile alivyoviacha Mwingereza: mkuu wa wilaya, bwana shamba, polisi, daftari la kodi. Walibadilika waliokalia viti. Mwalimu Nyerere aliliona hilo, ndiyo maana Azimio lilikuja na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ni Paris hii tena, ile ya faranga 6,000. Kati ya nchi nne hizi, hakuna nyingine iliyowaandikia viongozi wake sharti la wazi namna hiyo na kulishikilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Lilikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991.

*Mali na maamuzi.* Azimio lilisema njia kuu za uchumi ziwe za wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao na vyama vyao vya ushirika. Kilichofuata ni mashirika ya umma, na ufunguo ukawa kwa meneja. Issa Shivji, akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1970 kwamba lilikuwa linakua tabaka la warasimu linaloishi kwa mali ya umma kama bepari aishivyo kwa yake. Jarida la wanafunzi la Cheche, lililoibeba hoja hiyo, lilipigwa marufuku mwaka huo huo. Mwaka uliofuata chama chenyewe kilitoa Mwongozo uliowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliuchukua kwa uzito wake. Kati ya 1971 na 1973 waligoma, na katika baadhi ya viwanda wakamfungia meneja nje ya lango. Hawakuwa wakidai mshahara. Walidai heshima waliyoahidiwa kwa maandishi. Baadaye polisi walikuja.

*Kujilinda.* Dhidi ya mabepari wa ndani hapakuwa na vita, walikuwa wachache na hawana jeshi. Adui alikuwa bei: ya mafuta iliyopanda kwa vishindo viwili katika miaka ya 1970, na ya katani na kahawa tusiyoipanga sisi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba iliyobaki. Mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya Mwalimu kung'atuka, nchi ikatia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola ilijilinda na kila mtu isipokuwa mkopeshaji.

*Kukataa.* Ndani ya chama kimoja mpiga kura alipewa wagombea wawili, mmoja na alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na mwaka 1965 mawaziri waliangushwa kweli. Hiyo haikuwa kura ya maonyesho. Lakini nje ya sanduku hilo milango ilikuwa michache. Chama huru cha wafanyakazi kilikuwa kimekwisha kuvunjwa mwaka 1964 na mahali pake kuwekwa NUTA, kilichokuwa tawi la chama tawala.

Ruvuma ndiyo inayoniuma. Kuanzia Litowa, karibu na Songea, wakulima walikuwa wameanzisha vijiji vya ujamaa kwa hiari kabla ya Azimio kuandikwa. Walilima pamoja, wakagawana kwa kazi aliyofanya mtu, wakaendesha shule yao, wakapata mashine ya kusaga nafaka ambayo ilikuwa mali yao. Kila jambo liliamuliwa kikaoni. Vijiji hivyo vilifika kumi na saba hivi chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu mwenyewe alikuwa akivisifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Kosa lao lilikuwa kwamba mkuu wa mkoa hakuweza kuwaamuru.

Miaka minne baadaye ikaja amri: kuishi katika vijiji ni lazima. Mama yangu mkubwa alihamishwa 1974. Lori lilifika asubuhi, wakaambiwa watoe vyombo, kisha paa likabomolewa ili wasirudi. Yeye aliung'oa mlango wa nyumba yake, wa mninga, aliochongewa na baba yake, akaupakia juu ya magunia ya mtama. Walikoshushwa palikuwa na vigingi vilivyochomekwa kwa mstari na hakuna kingine. Mlango ule uliegemea mti miezi kadhaa ukisubiri nyumba. Na ni mama mkubwa huyo huyo aliyejifunza kusoma katika darasa la kisomo cha watu wazima la kijiji kile. Barua yake ya kwanza kwa mama yangu tunayo bado, herufi kubwa kama za mtoto, mistari inapanda mlima. Ukimwuliza kuhusu Ujamaa alikuwa anakutajia vyote viwili, mlango na barua, wala hakukubali umchagulie kimoja.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa, na mkulima akaachwa na mamlaka ya zao inayonunua itakavyo na kulipa itakapojaliwa. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, Nyerere alisema hadharani kwamba Tanzania si ya kijamaa bado wala haijajitegemea. Sijui viongozi wengi waliowahi kuusema ukweli wa namna hiyo wakiwa madarakani.

*Inamfaa nani.* Nchi changa isiyo na tabaka kubwa la wafanyakazi, yenye kiongozi anayeaminika na haja ya haraka ya shule, maji na umoja. Hayo yalipatikana, na anayeyadharau hakuwahi kuteka maji mtoni. Haimfai anayetaka wakulima na wafanyakazi waamue wenyewe, maana kila walipoanza kuamua wenyewe, Litowa au kwenye lango la kiwanda, dola iliyowaita ndiyo iliyowazuia.

Kwa hali uliyo nayo

Ukiwa mahali ambapo kura huhesabiwa, ingia kwenye njia ya Chile kwa mguu mmoja. Huo mguu mwingine uache kwenye chama cha wafanyakazi na mitaani, kwa sababu mikanda ya viwanda ilizaliwa imechelewa. Swali la kumwuliza mgombea wako wa kijamaa, zaidi ya lile la atataifisha nini, ni hili: jeshi na mahakama atawafanyaje, na siku wakimkataa tutakuwa wapi?

Ukiwa mahali ambapo kukutana watu kumi ni kosa la jinai, hoja ya Lenin kuhusu dola itakuingia haraka, na ina haki ya kukuingia. Isome pamoja na onyo la Luxemburg, usiku ule ule. Na kabla ya kuzungumzia kushika dola, hesabu mabaraza mliyo nayo. Kama ni sifuri, kazi yenu ya sasa ni hiyo.

Ukiwa mfanyakazi wa shirika la umma au kiwanda kinachotajwa kuwa kitataifishwa, dai liandikwe mapema nani anamteua meneja, nani anamwondoa, na vitabu vya hesabu vinafunguliwa kwa nani. Waliofunga malango miaka ile walikuwa na Mwongozo mkononi lakini hawakuwa na chama chao wenyewe cha kuwasemea.

Ukiwa mwanachuo uliyependa Katalunya, nenda ukaangalie ushirika ulio karibu nawe unavyopata mkopo. Ukikuta jibu liko kwenye benki isiyo yenu, umeshakutana na tatizo la 1936, na kikundi chako kina kazi ya mwaka mzima hapo.

Na ukiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kama walivyo kina mama wengi tunaoishi nao mtaani, tayari unajua jibu moja ambalo sisi wasomaji wa Jumamosi tulilipita. Kasha lenu lina kufuli tatu. Funguo tatu hukaa kwa watu watatu, kasha lenyewe hukaa kwa wa nne, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama wote. Jumamosi ijayo mzee wetu amemwalika mweka hazina wa kikundi kimoja aje na kasha lake, atuonyeshe linavyofunguliwa, kisha tumwulize lingefanyaje kazi kama lingekuwa kubwa kama kiwanda.